Bani ya Ruphin

"Kinu si ngoma, Maman Constance, na dari yangu si uwanja wa ngoma," Laurette alisema. Alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake na ufagio mkononi, ule ule aliokuwa akigongea dari yake huko chini mpaka mpini ukachubuka. "Tangu mutoke kanisani ni du, du, du. Chokaa inaniangukia kwenye chai."

"Chai ya saa saba?"

"Kwako chai iko na saa yake?"

"Hii ni sombe, Laurette. Sombe haitwangwi kwa kunong'ona."

Constance hakuacha kutwanga. Majani yale ya muhogo yalikuwa yametoka Maputo, kwenye mzigo wa mama mmoja mchuuzi aliyeyafunika kwa khanga mbichi njia nzima kama mtoto mwenye homa, na hakuwa tayari kuyaharibu kwa ajili ya chai ya mtu. Hapa Point, mtaa wa ugenini kando ya bahari, kila Mkongomani aliijua nyumba yake. Ukipotelewa na ndugu, unapanda kwa Constance Jumapili. Kama mwenyewe hayupo, habari zake hazikosi. Aliyekuwa hapandi ni Laurette tu, aliyekaa chini yake na kuzisikia karamu zote kwa njia ya dari.

"Na leo unamtwangia nani, gavana?"

"Mwalimu wetu."

"Yule mulinzi wa magari?" Laurette akaangua kicheko. "Si amewakana? Jengo zima linajua."

Kinu kikanyamaza. Neno lile lilimchoma Constance kwa sababu lilikuwa kweli.

Ilikuwa katikati ya juma, mwaka ule wa tisini na nane. Ruphin, anayefanya kazi kwenye duka la simu, alitumwa na bosi wake kuleta gari, akaliegesha barabarani hapo chini. Mzee mmoja mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na filimbi shingoni akamwelekeza kwa mkono: njoo, njoo, simama. Ruphin akamtilia sarafu kiganjani bila kumtazama usoni, kama watu wote wanavyofanya. Mzee akasema, "Merci. Na ufunge kioo, mvua inakuja."

Sauti ile ilimtoa Ruphin garini mbio. Ndiyo iliyokuwa ikiwaambia wafunge madirisha ya darasa, kule Uvira, mvua ilipoanza kuja kutoka ziwani.

"Maître Anaclet," alisema.

Mzee alimtazama, akajibu kwa Kiswahili cha Dar kilichopigwa pasi: "Umenifananisha, bwana mdogo. Mimi naitwa Pascal."

Tangu lini mtu wa Dar akasema merci? Ruphin alipanda ngazi akilia. Ijumaa, saluni ikaleta mengine. Constance alikuwa akimsuka mke wa mlinzi mwingine, na kichwa kinaposukwa mdomo haukai kimya: yule Pascal ameomba kuhamia mtaa wa Glenwood, anaanza Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili hii ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho chini ya dirisha lao, na mji huu ukishammeza mtu hautemi.

Wenzake waliosoma naye Uvira walikuja Jumapili hiyo kwa ajili ya mwalimu wao wa darasa la nne. Constance alikuwa na deni jingine moyoni. Alipokuwa na miaka kumi, baba yake alimtoa shuleni akauze ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni. Maître Anaclet alikuja nyumbani kwao jioni, akakaa. Chakula kikaletwa, akanawa mikono, akaiweka magotini, hakugusa sahani. Kesho yake akaja tena, akanawa tena, hakugusa tena. Kwa watu wa kwao hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na majirani walianza kuuliza kama chakula cha nyumba ile kina kasoro. Siku ya tatu baba akasema, "Kula, Maître, mutoto atarudi." Ndipo akala, akaomba na kuongezwa. Mpaka leo Constance hajawahi kumpikia yeye mwenyewe.

"Tumpelekee sahani," akasema Jeancy, anayeuza mikanda na kofia kule baharini, akitokea jikoni. "Nimejaribu kumuita, amesema yuko kazini. Sahani hatakataa."

"Atakataa," Laurette alisema. Alikuwa bado mlangoni. Hasira zilikuwa zimeisha, umbea ndio uliomshika miguu. "Nyinyi mumesoma lakini eish. Ruphin amemupa sarafu kupitia dirisha la gari. Sasa mumupe na chakula barabarani? Mutu aliwafundisha kushika kalamu, leo mumemuona na filimbi, na kila mukimukaribia munamutilia kitu mukononi. Hata mimi ningehama."

Ruphin alikaa kitini akitazama viatu vyake. Constance aliuweka mchi chini taratibu, maana jirani yake mgomvi alikuwa amesema jambo ambalo wao, siku nne nzima, hawakuliona.

"Basi tusimupe kitu," akasema. "Tumuombe yeye atupe. Ruphin, wewe ulipigiwa bani mara ngapi?"

"Unajua vizuri. Hata moja."

Godelive, aliyekuja na unga wa fufu kutoka mtaa wa Sydenham, alicheka mpaka akashika ukuta. Kule kwao mtoto akijibu vizuri alibaki amesimama, na darasa zima likampigia bani, makofi ya mpangilio, mikono yote pamoja. Kwa Maître Anaclet kofi la mwisho halikuwa la watoto. Walinyamaza na mikono hewani wakingoja, naye akipiga lake moja, kubwa, hapo ilikuwa na maana kwamba jibu ni sawa, na mtoto akakaa. Lisipopigwa, hakai mtu.

Wakatoka nje, kwenye baraza inayotazama barabara. Chini, kizibao kilikuwa kikihangaika na gari lililokuwa likirudi nyuma. Constance alijifuta mikono kwenye kitenge, akaita kwa sauti ya monitari wa darasa, akaiachia barabara nzima sauti ile:

"Bani kwa Ruphin. Amejibu vizuri jina la Maître."

Wakapiga. Mikono ya saluni, ya mikanda, ya unga, wakapiga kama walivyopiga chini ya bati la darasani, kisha wakakata ghafla, wakabaki na mikono hewani. Ruphin alisimama wima katikati yao na tai yake ya kanisani.

Mzee hakuinua kichwa. Akalielekeza lile gari mpaka likaingia. Dereva akaondoka. Robot ya kuongozea magari kwenye kona ikawaka kijani, teksi zikapita na muziki wao, ikawaka nyekundu.

"Mikono itawauma," Laurette akanong'ona, lakini alikuwa ameusukuma mwili wake barazani ili aone.

"Maître," Constance akasema, na sauti haikuwa ya monitari tena. "Ruphin bado amesimama."

Mzee akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. Akawatazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anayeita mahudhurio. Kisha mikono yake ikakutana mara moja tu, paa, njiwa wakaruka kwenye ukuta wa jengo la pili.

"Sawa," akasema. "Ruphin, kaa chini."

Na Ruphin, mtu mzima mwenye mke, akakaa palepale kwenye sakafu ya baraza.

"Geti limefungwa," Jeancy akakumbuka. "Ufunguo iko na nani?"

Mlango ulikuwa umeshabamizwa. Ngazini zilisikika kandambili za Laurette, aliyeaminiwa ufunguo wa Jumapili na mwenye jengo, akishuka huku akilalamika kwamba yeye si bawabu wa mtu.

Aliyetangulia kupanda alikuwa Maître, kizibao kimekunjwa kwapani, rangi ya machungwa imegeuzwa ndani. Alipofika kizingitini akasimama. Harufu ya sombe na mawese ilimfikia, akaivuta.

"Constance wa ndakala," akasema.

"Karibu, Maître. Maji ya kunawa haya hapa. Ila leo ukinawa, ule."

"Nitakula." Lakini hakuingia. Aligeuka kutazama nyuma. Pale ngazini Laurette alikuwa amesimama na rundo lake la funguo, chokaa nyeupe kwenye nywele, akijifanya anatafuta ufunguo wa mlango wake. "Na huyu wa darasa gani?"

"Jirani, Maître. Anakaa chini."

"Mbona amebaki nje?"

Wakatazamana. Ilikuwa sauti ile ile ya darasani, haipandi wala haishuki. Constance ndiye aliyecheka kwanza.

"Laurette, acha kuzitesa funguo. Shuka ulete kiti chako, maana vyangu havitoshi, kisha uingie. Sombe uliyoisikia tangu tutoke kanisani, sasa kuja uikule."