Kikombe cha Mafuta ya Kondoo

Mke wangu Soila hana kifuko cha nyongo. Kilijaa mawe, wakampasua hospitalini, wakakitoa. Tangu hapo akila mafuta mengi tumbo linamkata, anaharisha mpaka miguu inakosa nguvu.

Daktari alitueleza. Nyongo bado inatengenezwa na ini, ila haina tena pa kukaa, inachuruzika tu. Ale kidogo kidogo, mafuta ayarudie polepole, mwili utazoea. Nikawa namkorogea uji mwepesi na kumchemshia viazi. Wenzangu walinicheka. "Kulet, siku hizi wewe ndiye mama wa nyumbani?" Nikaendelea kukoroga. Soila akaanza kusimama. Alitaka jambo moja tu, kufika harusi ya binti yetu Doreen, Jumamosi, Magomeni, pale Kilosa mjini.

Jumatano mama yangu akashuka kwenye pikipiki kutoka Zombo, kondoo dume kafungwa nyuma. Kwetu aliyepasuliwa huchinjiwa kondoo, mafuta yanayeyushwa, anakunywa. Ndivyo tunavyomrudisha mtu.

"Mama, daktari amekataza."

"Huyo daktari alikulea? Mtazame mkeo, shingo kama ya korongo."

"Kifuko hakipo, mama."

"Kwani mafuta yanaenda kwenye kifuko? Yanaenda tumboni."

Shule niliishia darasa la nne.

"Nitakunywa kidogo, mama," Soila akasema.

"Kidogo ni cha paka. Unataka kwenda kwa mwanao ukiwa umebebwa?"

Jioni kondoo akachinjwa, mama akamletea kikombe kilichojaa mafuta. Kwetu mke hakirudishi kikombe alichopewa na mama mkwe. Nilinyoosha mkono nikichukue. Mama akanipiga kofi mkononi kama mtoto. Soila akanywa chote.

Usiku ule hakulala. Alhamisi alianguka akitoka chooni, nikampakia kwenye pikipiki hadi hospitali, Mikumi, wakamtundikia dripu. Mama alikaa kwenye benchi nje ya wodi, akisema neno lilelile: "Nilimchinjia kondoo aliye bora."

Jumamosi tulikuwa bado wodini, Doreen akapiga simu. Nikaishika sikioni mwa Soila. Vigelegele nilivisikia hata mimi. Soila alisikiliza mpaka simu ikakatika.

Basi, hesabu ni hii. Kondoo dume mmoja. Uji wote niliokoroga tangu apasuliwe, maana tumeanza upya. Harusi ya binti yetu wa pekee. Na Soila, ambaye sasa hapokei hata maji kutoka mkononi mwa mama yangu.