Funga Bomba la Mvuke

Kazi yangu kiwandani pale ni kujaribu vitabu vya mafunzo kabla havijagawiwa kwa wafanyakazi wote. Ni kazi ya kutafuta makosa, na mimi mdomo ninao. Kijitabu cha kusafisha matangi ya sabuni kilipoletwa, nikaita mafundi wanne, mmoja wao shemeji yangu, mume wa dada. Mvuke tuliukata kiwanda kizima. Nikawaambia wasome, wafanye kilichoandikwa, wasiniulize kitu.

"Mwenzako akishaingia tangini, funga bomba la mvuke."

Watatu, mmoja baada ya mwingine, walikwenda kwenye koki ya kuzimia mvuke wakaizungusha mpaka mwisho. Shemeji akaliinua bomba lililolala sakafuni, akaliunganisha na tangi, akalikaza kwa spana na kujipangusa mikono.

"Shem, unafanya nini?"

"Nafunga bomba. Mita si inafungwa? Feni si inafungwa? Hata wewe ukijaliwa utafunga ndoa."

Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka. Shemeji alitoka karakana ya mabomba, na kule kufunga ni kuunganisha. Hakuwa akitania.

Nikaenda kwa meneja wa mafunzo. "Neno moja tu, bosi. Tuandike 'zima mvuke kwenye koki.'"

"Waliokosea wangapi?"

"Mmoja."

"Watatu wamepata. Na huyo mmoja ni shemeji yako, mtu wa mizaha, nani asiyemjua? Vitabu vimeshachapwa, mama."

Nilibishana naye mpaka akanifungulia mlango nitoke. Nikapanda kwa mkubwa wake, naye akanirudisha kwa meneja yule yule. Shemeji ndiye aliyenipoza: "Mimi nimeshaelewa, shem. Usijipe presha."

Kuelewa alielewa kweli. Lakini kijitabu kilipogawiwa kiwanda kizima, yeye ndiye aliyeingia tangini na brashi yake. Nje alibaki fundi aliyehamishwa kutoka karakana ile ile ya mabomba, mtu makini, asiyeruka hatua. Alisoma, akafunga bomba, akalikaza barabara. Koki hakuigusa, maana hakuambiwa. Chumba cha boila kiliporudisha mvuke uliokuwa umezimwa kwa muda, ulikwenda moja kwa moja tangini.

Jeneza halikufunuliwa.

Meneja alikuja msibani. Nilimchukia. Akanivuta pembeni, akasema kwa upole, "Lile neno tumelibadilisha. Ukishatulia, tafuta watu wa kukijaribu kitabu upya."

"Tumeshajaribu," nikamjibu, na sauti ikafika chumbani walikokaa wanawake.

Dada alisikia. Wageni walipopungua akaniita nikae naye mkekani. Alikuwa ameshika shati la kazi la mumewe, lile la kubadilishia, akilikunja na kulikunjua.

"Kile kitabu mlikijaribu kwanza?"

"Tulikijaribu, dada."

"Kuna aliyekosea?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Shemeji."

Akaacha kulikunja lile shati. "Yeye mwenyewe? Mbele yenu?"

"Mbele yetu."

"Mkafanyaje?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, habari za meneja, za mkubwa wake, za mlango niliofunguliwa. Yote ni kweli tupu. Lakini dada aliniuliza tulifanyaje pale pale, mumewe alipokuwa amesimama mbele yetu na spana mkononi.

"Tulicheka, dada."