Ua la Sita

Mwalimu Zornitsa, aliyeishi peke yake katika nyumba ya marehemu babu yake, alitunga mafumbo matano yenye vina kuhusu mambo ya kale ya kijiji: kinu, daraja, kengele iliyoyeyushwa wakati wa vita. Aliyabandika huku na huko kijijini, na kwenye kila fumbo akaweka ua moja kavu. Wa kwanza kumrudia shuleni na maua yote matano angepewa mtungi wa asali. Matano, maana maua ya idadi shufwa, mawili, manne au sita, hupelekwa makaburini tu, na hakuna Mbulgaria asiyejua hilo.

Radoy muuza nyama alitangulia kurudi shuleni, theluji hadi magotini, akayatupa maua mezani.

"Lete asali, Mwalimu. Miguu imekufa ganzi kwa mashairi yako."

Zornitsa akahesabu. Sita.

"Umezidisha, jirani. Unanitakia kifo?"

"Mafumbo sita, maua sita. Na hilo la mwisho ndilo ulilolitunga vizuri."

Akamkunjulia karatasi. Mwandiko hakuujua.

*Kinu umekiimbia, daraja umesifia,*
*mbona hukuwaambia mlango nilipofia?*

Zamani, mwaka wa njaa, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alibisha mlangoni kwa babu yake Zornitsa, kwenye theluji, mpaka kukapambazuka, na babu hakufungua. Hadithi hiyo Zornitsa aliiruka makusudi.

"Fumbo hili umelitoa wapi?"

"Si ni pale pale ulipolibandika, mlangoni kwako?" Radoy akasema. "Wala sikugonga. Nilisikia mtu ndani akimbembeleza mtoto, nikajua una wageni."