Ukurasa wa Mwisho Husomwa Kwanza

Hebu tuulizane bila kupepesa macho: mtu mwenye akili zake timamu anaanzaje kusoma kitabu kutoka mwisho? Tena si kwa siri chumbani kwake, bali kwa sauti, mbele za watu, na kitabu chenyewe si chake. Ni zawadi ya mwenzake ambaye hajagusa hata jalada. Basi katika familia ya fundi wa meno jambo hilo lilifanyika kila Krismasi, na waliolifanya walijiona watu waungwana kabisa.

Fundi wa meno, si daktari. Daktari hung'oa, fundi hutengeneza ya bandia ya kuvaliwa. Mwanamke huyu alishinda kwenye maabara nyembamba nyuma ya zahanati, akichonga nta, akimimina plasta na kusugua meno ya watu asiowajua mpaka yang'ae. Jioni alirudi nyumbani kwa mama yake, maana waliishi wawili tu, mama mjane na bintiye ambaye hakuolewa na hakuwa na haraka hiyo.

Desturi ilianzishwa na marehemu baba. Krismasi moja, kabla fundi hajazaliwa, mama alipewa kitabu cha hadithi ya ajabu. Akajikunyata nacho dirishani, akalia mpaka kope zikavimba. Baba alikuwa mtu ambaye mkewe akitokwa na chozi yeye hamu ya kula inamwisha. Hapo hapo akakata kauli: kuanzia leo, kitabu chochote cha zawadi kitakachoingia nyumba hii, aliyekileta asimame asome ukurasa wa mwisho wote wasikie. Kikiisha vizuri, kibaki. Kikiisha kwa msiba, kirudi kilikotoka. Baba alipofariki, kaka mkubwa akairithi amri hiyo kama wengine wanavyorithi shamba.

Kwa miaka mingi fundi hakuumia, kwa kuwa vitabu alivyoletewa havikuwa vya kuumiza mtu. Ndugu zake walikwisha amua kwamba mwanamke wa umri wake asiye na mume anahitaji mapishi na mawaidha. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mapishi hueleza jinsi ya kusafisha oveni. Msomee mtu huo mara mia, humharibii chochote.

Alivyovitaka mwenyewe alivinunua kimya kimya na kuvificha kazini, kwenye droo ya chini, nyuma ya vielelezo vya plasta vya meno ya wateja waliohama mji. Vilikuwa vitatu, vinene kama matofali, vya hadithi moja ndefu: mji mzima unaning'inia kwa minyororo kati ya miezi miwili, na mhunzi mmoja wa kike ndiye anayekagua kila pingili. Mwisho wa kitabu cha tatu mhunzi yule amesimama juu ya pingili ya mwisho, nyundo imeinuliwa. Akiipiga, mji unakuwa huru, lakini dada yake anabaki mwezi wa pili peke yake milele. Asipoipiga, mji unashuka kidogo kidogo mpaka uanguke. Na hapo mwandishi akaweka nukta na kwenda zake, akamwacha fundi miaka sita na nyundo ile juu ya kichwa chake.

Miaka sita si mchezo. Fundi alikuwa akichonga gego la mteja huku akijiuliza kama angekuwa yeye angepiga. Siku nyingine angepiga, siku nyingine mkono ungemlegea. Alikuwa hajui, na kule kutojua alikuwa amekulea kama mtoto.

Kitabu cha nne kilipotoka, kiliisha madukani kabla hajapata ruhusa ya kutoka kazini. Alizunguka kila duka la vitabu, akaandikisha jina, akaambiwa labda baada ya mwaka mpya. Ndipo wifi yake, mke wa kaka, akamnong'oneza sokoni kati ya mafungu ya vitunguu.

"Wifi, usiniseme. Kaka yako alisikia unavyokitafuta madukani, na alipokwenda mnada wa mbali alikiona dirishani mwa duka, kimebaki kimoja. Amekununulia. Kiko juu ya kabati letu."

Fundi alimkumbatia mbele ya muuza vitunguu. Alipofika njia ya kurudi ndipo akaikumbuka amri ya baba. Kitabu kitaletwa Krismasi. Kitaletwa kwa mama. Na kaka atasimama.

Kaka mwenyewe alikuwa dalali wa mnada. Mtu wa sauti. Alikuwa na uwezo wa kuuza kiti cha miguu mitatu kwa watu wenye viti nyumbani, na kila Krismasi aliusoma ukurasa wa mwisho kwa mbwembwe, anapandisha, anashusha, ananyamaza kidogo ili watu washike roho. Ukimsikia akisoma habari za kusafisha oveni ungedhani mfalme amekufa.

Siku chache kabla ya sikukuu akaingia maabara, mkono mdomoni, leso mkononi. Ndani ya leso mlikuwa na meno yake ya juu, vipande viwili. Ni fundi aliyemtengenezea, baada ya yale ya asili kuachwa uwanjani kwenye mpira wa ujana.

"Nimeuma mfupa," alisema, na kila neno lilitoka na upepo. "Nahitaji kabla ya Krismasi, mdogo wangu. Nina kazi ya kusoma."

Fundi aliweka vipande chini ya taa, akavikutanisha. Mpasuko safi, kazi ya asubuhi moja. Lakini hakusema hivyo.

"Kaka, kitabu unachokuja kunipa najua ni kipi. Nashukuru mpaka nakosa la kusema. Nakuomba kitu kimoja. Nipe kikiwa kimefungwa. Usisome mwisho."

"Nani kakwambia?"

"Achana na nani. Nimengoja miaka sita kujua huyo mhunzi atafanya nini. Ukisoma ule ukurasa utakuwa umeninyang'anya kitabu kizima, unanipa makaratasi."

Kaka alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemwona mwenzake amepitiwa. "Ukijua mwisho, unasoma kwa raha. Huna wasiwasi."

"Wasiwasi ndio ninaoutaka."

"Wewe na hadithi zako za miezi. Mtu mzima. Amri ya baba ni amri ya baba, na ilikuwa kwa ajili ya mama. Unataka mama alie sikukuu?"

Hapo mori ulimpanda fundi mpaka akashika ukingo wa meza. Kila alipofungua mdomo nyumba ile, alizibwa kwa machozi ya mama. Akitaka kuhama, mama atalia. Akikataa mchumba, mama atalia. Ni machozi gani hayo yasiyomwagika lakini yanatawala watu? Mama mwenyewe alikuwa hajaulizwa. Angejibu hivyo, lakini mteja aliingia, na kaka akaaga akisema meno atayafuata kesho yake.

Kesho yake akaambiwa plastiki haijashika. Siku ya pili, mashine ya kusugua ina hitilafu. Uongo mtupu. Meno yalikuwa tayari, yanang'aa ndani ya kasha dogo kwenye mkoba wake, na dhamiri haikumsumbua hata kidogo. Asiye na meno ya juu hasimami akasoma mbele ya mama yake kwa mbwembwe, na kaka bila mbwembwe hasomi kabisa.

Krismasi ikafika. Sebule ya mama ilikuwa na makochi mawili, meza ya chini na kiti cha mama chenye mto uliochakaa. Walikuwa wanne tu: mama, kaka, wifi na fundi. Kaka alikula uji wakati wenzake wakila wali na kuku, na kila alipoinua kijiko alimtupia dada yake jicho.

Zawadi zikafunguliwa. Mama akapata viatu vya kuvaa ndani. Wifi akapata kitambaa. Kisha kaka akatoa furushi zito la karatasi ya bluu, akalichana mwenyewe, akakishika kitabu cha nne juu wote wakione. Jalada lilikuwa na mnyororo mmoja na mkono. Fundi alifungua mkoba, akaweka kasha mezani.

"Meno yako yamo humu," akasema. "Yalikuwa tayari tangu juzi. Nipe kitabu kilivyo, nikupe yako, tule keki kwa amani."

Wifi akaficha kicheko kwenye mkono wa blauzi. Kaka aliiva uso. Kwa mtu anayeishi kwa mdomo, kunyimwa meno siku ya sikukuu na dada yake wa tumbo moja si utani.

"Umeniachia uji wakati yamo kwenye mkoba?"

"Na wewe umetaka kuniachia makaratasi."

"Kwa ajili ya hadithi ya watoto?"

"Kwa ajili ya kitu changu," fundi alisema. "Nyinyi hunipa vitabu vya kunirekebisha. Hiki ndicho cha kwanza nilichopewa nikiwa mimi. Nimechoka kusomewa mwisho wa mambo yangu na watu ambao hawakusoma mwanzo wake."

Kaka alikishikilia kitabu. Alikuwa na kichwa kigumu cha baba yao, hata umbo. Akazunguka meza, akamwekea mama kitabu mapajani.

"Amri ilikuwa kwa ajili yako, mama. Basi leo soma wewe."

Fundi alisimama. Angeweza kumpokonya kaka, angeweza hata kumsukuma, lakini mama yake hapana. Aliziba masikio kwa viganja na kufumba macho kama mtoto anayeogopa radi, akaanza kuhesabu meno ya kinywa kizima kichwani ili asisikie kitu. Alipofika magego ya chini, mkono wa wifi ukamgusa.

"Sikiliza kwanza," wifi akasema. "Hasomi huko."

Mama alikuwa amevaa miwani na anasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza.

"Mama, umekosea," kaka akasema. "Ni nyuma."

"Sijakosea." Mama akaendelea mpaka mwisho wa aya, kisha akainua macho. "Huyu mhunzi ni nani? Na dada yake kafikaje huko aliko?"

"Mama, ukurasa wa mwisho," kaka akasisitiza. "Ili usije ukalia tena kama ile Krismasi."

"Ile Krismasi unaijua wewe? Ulikuwa unatambaa." Mama alivua miwani. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na makali ambayo fundi hakuwahi kuyasikia. "Kilikuwa kitabu cha mtoto aliyebeba mvua ndani ya kibuyu, anavuka nchi ya vioo, na kila anapoanguka tone moja linapotea. Nilifika katikati. Nilikuwa nalia, ndiyo. Nilikuwa nalia kwa utamu wake. Sijawahi kusoma kitu kizuri vile kabla wala baadaye. Baba yenu akaja, akaniona, akakichukua mkononi mwangu, akakirudisha dukani. Alidhani kinaniua."

Wifi aliweka kitambaa chake mezani.

"Sikukimaliza. Mpaka leo sijui yule mtoto alivuka au hakuvuka. Nilikitafuta baadaye, hakuna anayekijua. Na baba yenu alikuwa anajivunia amri yake, anapita kwa majirani anaieleza. Ningemwambiaje? Nikanyamaza. Halafu amekufa, nikadhani sasa basi, nanyi mkaiendeleza. Kila Krismasi nakaa kwenye kiti hiki nasomewa mwisho wa kusafisha oveni kwa sababu yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Kaka alikaa chini polepole. Fundi alipiga magoti mbele ya kiti, machozi yakimlengalenga, akataka kusema kwamba yeye alijua, yeye ndiye pekee anayemwelewa. Alinyoosha mkono kuchukua kitabu. Mama hakukiachia.

"Hiki ni cha nne," fundi akasema. "Mama, kuna vitatu kabla yake."

"Viko wapi?"

"Kazini. Kwenye droo, mwaka wa sita huu. Niliogopa vikiingia hapa..."

Hakumalizia. Aliuona uso wa mama ukibadilika.

"Miaka sita," mama alisema. "Miaka sita una vitabu vya namna hii, unavisoma mchana ukiwa kazini, unarudi hapa jioni unakaa na mimi mezani tunaongea habari za bei ya mkaa. Na unakasirika kwamba hukuulizwa."

Fundi aliuondoa mkono kwenye kitabu. Hasira aliyokuja nayo, iliyokuwa ya haki kabisa, sasa ilikuwa na mwenyewe mwingine. Mama alikifunga kitabu cha nne, akakiweka chini ya mto wa kiti chake, akaukalia.

"Kalete cha kwanza."

"Mama, leo pamefungwa."

"Funguo unazo."

"Na hicho? Mama, nimengoja sana. Nipe nikisome usiku huu tu, sitakwambia neno."

"Utakipata nikishakifikia. Mimi nimengoja kuliko wewe." Mama alirudisha miwani usoni. "Na ole wako uniambie kitu njiani. Kama kuna kulia, nitalia nikifika mwenyewe."

Fundi alichukua mkoba, akatoka kwenda kufungua droo.