Kabeji za Tuta la Chini

Ilikuwa siku ya nne Mama hajala kitu cha maana. Hospitalini Voi walimruhusu Jumanne, nimonia ikiwa imepungua, wakatupa vidonge vya kumeza mara mbili kwa siku baada ya chakula. Hilo la baada ya chakula ndilo lililotutesa. Uji alionja vijiko viwili akausukuma. Viazi alivitazama tu. Vidonge vikiingia kwenye tumbo tupu vilirudi vyote, na Alhamisi jioni kaka yangu Obadiah akanipigia simu. "Wakesho, njoo. Mimi nimeshindwa."

Kaka yangu si mtu wa kusema ameshindwa. Mimi nafanya kazi ya ukarani katika shule moja Voi, na tangu nianze kazi hiyo miaka miwili iliyopita, yeye ndiye aliyebaki Mwanda, kijijini kwetu mlimani, na shamba, na Mama, na kila kitu. Ijumaa nilitoka kazini nikapanda mlima na nguo zangu za ofisi.

Jumamosi asubuhi, nikimfuta Mama uso kwa kitambaa chenye maji ya moto, akasema bila kufungua macho:

"Leo ningekula kabeji."

"Kabeji, Mama?"

"Ya kukaanga. Ikaangwe mpaka ianze kugeuka rangi. Si ile ya hospitali."

"Ya hospitali ilikuwaje?"

"Ilikuwa inaogelea. Nilikosa ndoano tu."

Nilicheka mpaka kitambaa kikaniponyoka. Mama akatabasamu upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona kama yumo ndani ya ule mwili uliokonda.

Obadiah hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa majirani kuazima neti za kufungia mzigo, kwa sababu mnunuzi wake kutoka Voi, Mulei, angekuja siku hiyo saa tisa. Nikachukua kisu nikashuka shambani mwenyewe.

Huku mlimani kila nyumba inayolima kabeji za kuuza huwa na mstari wake wa nyumbani. Za kuuza hupigwa dawa. Za nyumbani hazipigwi. Mama alikuwa akizinyunyizia majivu ya jikoni tu, kufukuza wadudu. Hakuna anayeweka kibao. Wenye nyumba wanajua. Mstari wetu, tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kuchuma, ulikuwa tuta la chini kabisa, kando ya mfereji.

Ukungu ulikuwa haujapanda. Nilishuka nikishikilia migomba, na nilipofika nikaona kabeji zimejaa vizuri, ngumu, na juu ya majani kuna madoa meupe yaliyokaukia pale. Majivu, nikajiambia. Nilifurahi, kusema kweli. Nilifikiri Kaka Oba, pamoja na taabu zake zote, hajaiacha desturi ya Mama. Nikakata moja.

Nilimtoa Mama nikamkalisha kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, nikamfunika leso mbili. Nilibandua majani ya nje, nikaiosha kabeji mara tatu, nikaikata nyembamba sana. Kikaango cha chuma kiliposhika moto nikatia mafuta na kitunguu.

"Ngoja kitunguu," Mama akasema.

"Nangoja."

"Hungoji. Nakusikia ukichukua kabeji."

Nikairudisha. Kitunguu kilipokuwa cha kahawia nikatia kitunguu saumu, karoti moja, kisha kabeji yote, ikarundikana juu ya kikaango kama haitatosha. Chumvi. Maji sikutia. Ikaanza kunywea taratibu, na harufu ikabadilika, ile harufu mbichi ikawa tamu.

"Sasa usiisumbue," alisema. "Iache ishike chini kidogo, ndipo ugeuze. Kabeji ukiichokoza-chokoza inatoa maji kwa hasira."

Mwisho nilitia nyanya moja na dania. Nikasonga ugali mdogo. Mama alikula sahani moja, polepole, akipumzika kati ya tonge na tonge, na nilipofikiri amemaliza akaninyooshea sahani niongeze. Alipomeza vidonge tulikaa tukitazamana, tukingoja virudi. Havikurudi. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji nikalia, kisha nikanawa uso.

Obadiah alifika kama saa saba, ameshafunga mzigo kule barabarani, neti zilizobaki begani.

"Amekula?"

"Sahani mbili."

"Wacha uongo."

"Muulize mwenyewe. Kabeji na ugali, na dawa imekaa."

Alitua neti chini. Kisha akaingia jikoni akafunua kikaango. "Hata mimi nitakula basi. Hii ya huku nyuma ya jikoni ni tamu, sivyo? Nilidhani bado ndogo."

"Nyuma ya jikoni? Hii ni ya chini. Ya kando ya mfereji."

Aliurudisha mfuniko. Aliurudisha vizuri, bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wakesho. Ya chini ni ya kuuza."

"Tangu lini?"

"Tangu kifua cha Mama kianze kumsumbua, miezi minne sasa. Kule kuna maji, nikaona heri nipande za soko. Zetu nilizileta huku nyuma." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Nilizipiga dawa Alhamisi. Zote, kuanzia katikati mpaka chini."

"Niliona meupe. Nilidhani ni majivu."

"Majivu!"

"Nilidhani ni majivu, Kaka."

Akaingia stoo akatoka na chupa ya plastiki ya soda, nusu ikiwa na maji mazito kama maziwa yaliyoharibika. Ubavuni ilibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: *siku 14*. Jina halikuwepo. Muuzaji wa agrovet, duka la dawa za kilimo, alikuwa amempimia kutoka chupa kubwa, kwa sababu chupa nzima ni bei ya juu.

"Siku kumi na nne ndiyo nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Za kungoja kabla ya kula."

"Na leo ni ya pili."

Alikaza kizibo cha chupa.

"Na zile ulizokata jana, ziko barabarani, anazokuja kuchukua Mulei?"

"Usianze."

"Nauliza tu."

"Nimesema usianze! Mulei alisema atakuja baada ya siku kumi na nne, halafu jana akanipigia kwamba Voi hakuna kabeji, anakuja leo, nikikataa anaenda kwa mwingine. Ungefanya nini wewe? Umekuja jana na viatu vya ofisi. Jumatatu unarudi zako. Mimi ndiye nabaki hapa na Mulei."

Ilikuwa kweli. Nikampigia Cynthia, muuguzi wa zahanati ya chini yetu, ambaye nilisoma naye. Akaniuliza kama Mama anatoka jasho, anatokwa na mate mengi, anatapika, anaona vizuri. Nikachungulia. Mama alikuwa amesinzia kwenye kigoda, mdomo mkavu, mikono imetulia mapajani.

"Hapana. Amelala."

"Dawa inaitwaje?"

Nikamtazama kaka yangu. Akachukua simu yake akasogea mbali kumpigia muuzaji, na nilimsikia akiuliza jina mara mbili, kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeuliza alichokosea. Niliporudia jina hilo kwa Cynthia alinitaka nilitamke tena.

"Mleteni. Pengine hakuna kitu, umeosha na umepika. Lakini ametoka nimonia juzi, kifua hakina nguvu. Msimtapishe. Mje na hiyo chupa."

Boda boda haikuwezekana, na kifua kile, na barabara ile. Gari pekee lililokuwa njiani kuja kwetu ni pikapu ya Mulei.

Obadiah alipiga magoti mbele ya kigoda, Mama akapanda mgongoni mwake. Tulimwambia tu kwamba Cynthia anataka kumwona. Tukiwa njiani kaka akageuza shingo kwangu akanong'ona, "Tutamwambia Mulei ni kifua kimerudi. Umesikia?"

Niliitikia kwa kichwa. Tangu utotoni nimeitikia kwa kichwa.

Mulei alikuwa amewahi. Alikuwa ameshapakia neti nne kati ya kumi na moja, kofia imegeuzwa nyuma, anaimba peke yake.

"Mama Oba! Unabebwa kama bibi harusi!"

"Na wewe ndiye wa mahari?" Mama akamjibu kwa pumzi fupi. "Lete ng'ombe kwanza."

Mulei akacheka, akafungua mlango wa mbele, akamsaidia kukaa kwa upole kabisa. Halafu akamgeukia Obadiah. "Nini tena? Si alitoka hospitali?"

"Kifua," Obadiah akasema. "Kimerudi. Tushushe hapo zahanati, ni njia yako."

"Bila shaka! Nipe mkono basi, tumalizie mzigo haraka tumkimbize."

Obadiah akainua neti ya tano. Nilisimama na chupa ndani ya mfuko wa karatasi. Nilifikiria watu nisiowajua wanaokatiwa kabeji kwenye vibanda vya Voi, mtu akisema niongeze.

"Si kifua," nilisema.

Hawakunisikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Si kifua. Amekula kabeji hizi. Nimempikia mimi. Zilipigwa dawa juzi."

Obadiah alisimama na neti mikononi. Ndani ya gari, Mama aligeuza kichwa polepole akamtazama kaka yangu kupitia kioo cha nyuma. Ndipo nilipokumbuka kwamba hata Mama hakuwa amejua.

Mulei ndiye aliyeongea kwanza, wala hakukasirika. "Dada, kwani watu wa Voi unafikiri hula nini kila siku? Maji yapo. Wataosha."

"Mimi niliosha mara tatu."

"Haya, na mama yako si huyu hapa anaongea mambo ya mahari? Oba, nina akina mama wananingoja sokoni. Napakia ama sipakii?"

Niliona kaka yangu akitazama neti, kisha kioo, kisha neti. Mama hakumfanyia hata ishara. Alikuwa anamtazama tu.

Obadiah akaiweka ile ya tano chini. Akapanda nyuma ya pikapu akaanza kushusha zile nne, moja moja, akizitupa kando ya barabara. Moja ikapasuka na kabeji zikabingirika hadi mtaroni.

"Wewe!" Mulei akapiga kelele. "Nimechoma mafuta kutoka Voi kuja kuangalia sarakasi? Usinipigie simu tena, unasikia? Usinijue!"

"Mpeleke Mama kwanza," Obadiah alisema, akihema. "Kisha tusijuane."

Mulei alitusonya, akatutukana kwa Kikamba, lakini alitupeleka. Aliendesha taratibu kwenye mashimo kwa ajili ya Mama.

Cynthia alimmulika Mama machoni, akampima mapigo, akasikiliza kifua, akaisoma plasta ya chupa na kuiweka mezani. Akatuambia tukae. Tulikaa kwenye benchi nje, mimi na kaka yangu, tukiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Kila baada ya nusu saa alitoka akasema, "Bado yuko sawa." Hakuwahi kusema yuko sawa bila ile bado.

Saa kumi na moja akatuita. Mama alikuwa ameegemea mto, amechoka lakini macho yake ni maangavu. Kando yake kulikuwa na kikombe cha chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate.

"Sijaona dalili yoyote," Cynthia alisema. "Nitakaa naye mpaka kesho nijiridhishe. Sasa ale kidogo, vidonge vya jioni vimefika." Akatuachia chumba.

Nilichukua kikombe nikampelekea mdomoni. Mama hakufungua mdomo. Alikuwa anamtazama Obadiah, aliyesimama karibu na mlango.

"Oba."

"Naam, Mama."

"Ni leo tu?"

Nje mtu alikuwa anapiga pasi za mpira ukutani. Kaka yangu alitazama sakafu.

"Oba, nakuuliza. Ni hizi za leo tu?"

"Mwezi jana pia," akasema. "Na ule mwingine. Mulei hangoji, Mama. Sio mimi peke yangu, uliza mlima mzima, hakuna..."

Mama alichukua kipande cha mkate, akakiangalia, akakirudisha sahanini.

"Watu wamekula," alisema. "Na mimi nimelishwa kwa pesa zao."

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Obadiah alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akaweka paji la uso kwenye shuka. "Kunywa chai, Mama. Tafadhali. Nitafanya lolote. Kunywa tu."

Mama akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha pale. Mkono mwingine ulibaki mapajani, haukukigusa kikombe. Niliendelea kukishika, moto ukinichoma vidole, na katika kiganja changu kingine vile vidonge viwili vimeanza kulowana kwa jasho.

"Mama," nikasema. "Mama, hata kidogo."

Alinitazama kwa upendo kabisa, kisha akageuza uso ukutani.