Meitamei Hafutiki

Jumanne moja mwaka 2004, Fosiya alisogeza mashuka ambayo hayajakunjwa, akapata nafasi ya karatasi zake mezani nyuma ya duka la mama yake, mtaani Noonkopir. Alikuwa akiandika hadithi ya mapenzi. Alipofika mahali kijana wa benki anapiga goti kuposa, kijana huyo akawa Mzee Meitamei, marehemu wa mwaka juzi, amevaa suti, ameshika ua.

"Sopa," mzee alisalimu, akatoka kwenye karatasi na kuketi.

"Ipa," Fosiya aliitikia. Sirad, mama yake, akaongeza kikombe cha chai.

Meitamei aligongwa na lori kwenye barabara ya Namanga, yeye na ng'ombe wake. Zamani walikatiza shambani moja kwa moja hadi mtoni. Kisha Wachira, mwenye shamba, akalizungushia waya, na njia iliyobaki ikawa ya lami. Wachira huyo ndiye mwenye gazeti lililomwahidi Fosiya kazi, ya kwanza tangu amalize chuo.

Wachira alisoma, akaguna. "Wasichana hawataki wazee wa ng'ombe. Kila msomaji na lugha yake. Badilisha."

Fosiya alibadilisha. Aliwaandikia watoto kwa sentensi fupi na sungura wengi. Meitamei akaja ana kimo cha sungura, akauliza njia ya mtoni iko wapi. Akaandika ya upelelezi, yenye mvua na watu wasiosema mengi. Meitamei akaja na koti refu, akanong'ona swali lilelile. Koti likachuruzika dukani.

"Mzee, utanilowesha mashuka," Sirad alisema. "Litundike mlangoni."

Wachira alizirusha karatasi mezani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mtindo nabadilisha vile unataka. Yeye simfuti."

"Basi andika tangazo la ploti zangu. Huko hakuna wazee. Akiingia, usahau kazi."

Fosiya aliliandika kwa moyo wote, maana wanunuzi wa ploti nao ni wasomaji: futi hamsini kwa mia, stima karibu, hati tayari. Meitamei akaingia kati ya bei na nambari ya simu, na ng'ombe wote nyuma yake. Fosiya hakumgusa. Wachira alikagua bei tu, akachapisha.

Jumamosi wanunuzi walifika kutoka Nairobi na kuwakuta shambani, mzee na mifugo. Waliwazunguka, wakauliza bikoni za mipaka ziko wapi. Mama mmoja alimwomba mzee asogee kidogo apime mahali pa choo. Ploti zikaisha zote. Waya ukaongezwa mstari wa pili, na Fosiya akaambiwa asirudi.

"Si ungemfuta mara moja tu?" Sirad aliuliza.

"Na mimi nikimfuta, mama, atasimama wapi?"

Alichukua karatasi mpya. Kanisa analosali Wachira lilikuwa likitafuta wimbo wa kwaya wa Krismasi.

"Mzee, unajua kuimba?"

Meitamei alifikiri. "Mimi kidogo tu. Lakini ng'ombe wangu wako na besi nzuri."