Tone Kwenye Paji la Mtoto

Maneno yalianzia Wambaa, kwa Bi Kazija, na ndani ya wiki tatu yalikuwa yamefika Tibirinzi: kwamba Sista Gaudensia, mkunga wa zahanati ya masista, anawabatiza watoto wetu kisirisiri. Bi Kazija alisema kaona mwenyewe, dirishani, siku binti yake Mize alipojifungua. Sista alimwinamia mtoto, akamtia maji kwenye paji la uso, midomo ikimcheza.

Mimi ndiye muuguzi niliyekuwamo chumbani. Mtoto alitoka amelegea, rangi ya buluu, kimya. Sista alimpangusa, akamsugua mgongo, akamwekea barakoa ya hewa, akawa anabonyeza mfuko na kuhesabu kwa kunong'ona. Jasho lake likadondoka tone moja kwenye paji la mtoto. Akalifuta. Mtoto akalia. Hayo ndiyo maji ya ubatizo.

Na lipo ambalo Bi Kazija hakuliona, kwani alishakimbilia nyumbani kwenda kusimulia. Mtoto alipotulia, Sista aliuliza baba yu wapi. Abdulnasir, mume wa Mize, alikuwa Tanga, na Mize mwenyewe kapitiwa na usingizi wa uchovu. Basi akanituma nimwite Mzee Mabruki, mlinzi wetu, aje amwadhinie mtoto sikioni. Mimi niliyelelewa madrasa nilikuwa nimesahau. Aliyekumbuka ni yeye. Akamkabidhi Mzee Mabruki mtoto, akarudi nyuma mpaka ukutani, akainamisha kichwa hadi adhana ikaisha. Miaka kumi na tisa kisiwani hapa, kila mtoto aliyempokea, amefanya vivyo hivyo.

Nilipomwambia twende tukawaeleze watu, alikataa.

"Waache, Rahma. Mtoto anapumua."

Mzee Mabruki naye akaambiwa anyamaze. Alinung'unika, akatii.

Mabenchi ya wajawazito yakabaki matupu. Kila asubuhi Sista aliyafuta vumbi, nami nilimtazama. Nilikuwa na hasira na Wambaa nzima, na hasira na uvumilivu wake, lakini zaidi na mimi mwenyewe niliyenyamaza. Sauti yangu ilikuwa ndogo tangu zamani; chuoni mwalimu alikuwa akinitaka nirudie mara tatu ndipo asikie jibu langu.

Jumanne zikaja habari za Saada, mke wa Hamad, mtoto wa kiume wa Bi Kazija. Uzazi uliopita Saada alivuja damu nusura afe, na kadi yake imeandikwa kwa wino mwekundu asijifungulie nyumbani. Uchungu ulimwanza alfajiri. Bi Kazija kamfungia ndani.

Nilikwenda bila kumuaga Sista. Bi Kazija alikuwa kakaa kizingitini na wanawake wanne. Nilimwamkia, hakuitikia.

"Umetumwa na mamayo wa kanisani?" aliniuliza. Wenzake wakacheka. Mmoja akataka kujua kama na mimi nishapewa jina jipya.

Nilisimama palepale mbele yake.

"Bi Kazija, mjukuu wako aliadhiniwa na nani?"

"Na babake, si nani. Alivyorudi Tanga."

"Siku ya nne. Mzee Mabruki alimwadhinia kabla hajanyonya, nenda kamuulize. Na aliyeagiza aitwe ni huyo mnayemtukana. Mie Muislamu mwenzenu nilisahau."

"N'liona maji kwa macho yangu."

"Uliona jasho. Alikuwa akimpigania mjukuu wako apumue, na wewe ukaondoka na jasho lake ukalitembeza mitaani." Sauti yangu ilikuwa imepanda, sikuitambua. "Saada akifa leo, nitakuja matangani, nikae katikati ya wanawake, niseme nani alimfungia mlango."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Saada akaita kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyeuma meno:

"Hamad. Nitafutie gari."

Hamad, aliyekuwa uani akisikiliza yote, alikwenda kuazima gari ya jirani. Bi Kazija akainuka kizingitini, akaacha njia.

Zahanatini Sista aliuliza jambo moja tu, uchungu ulianza saa ngapi. Adhuhuri Saada akazaa mtoto wa kike, na damu ikaja kama tulivyoihofia. Lakini sindano ilikuwa tayari, dripu tayari, na mikono ya Sista ilikuwa pale. Damu ikakatika. Sista akamfunga mtoto kangani, akampa Hamad amwadhinie, akarudi mpaka ukutani, akainamisha kichwa.

Bi Kazija alikuwa dirishani palepale. Safari hii aliangalia mpaka mwisho.

Kisha akaingia na chupa ya uji wa mzazi, akampita Sista bila kusema neno. Wiki iliyofuata mabenchi yalijaa. Wambaa walikuja, Tibirinzi walikuja, wakasogezana wapate pa kukaa. Hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi.

"Mabruki kayasikia mtaani, kaniambia una sauti," Sista alinitania, akifuta meza.

"Ninayo," nilimjibu.

Amenifundisha kufunga kitovu, kuzuia damu, kungoja adhana iishe. Kunyamaza sikujifunza, wala sitaki.